Kupiga Mbizi kwa Mtungi wa Hewa kwa Mara ya Kwanza Ukiwa Likizoni

Katika sehemu nyingi za pwani na visiwa zinazopokea wageni, mtu ambaye hajawahi kuzama baharini anaweza kujiandikisha asubuhi, na kabla ya jua kutua akawa amekwisha kupumua chini ya maji kwa mtungi wa hewa. Shughuli hiyo si kozi, wala haikupi cheti cha uzamiaji. Ni mbizi ya majaribio, ambayo mkufunzi aliyehitimu hukupa maelezo mafupi, hukufanyisha mazoezi machache katika maji ya kina kifupi, kisha hukushusha hadi kina kidogo huku akiwa karibu nawe kiasi cha kuweza kukushika wakati wowote. Katika programu ya shirika la PADI, ambalo ni miongoni mwa mashirika makubwa ya mafunzo ya uzamiaji duniani, kina cha mwisho kwa mbizi ya namna hii ni mita 12, na umri wa chini wa mshiriki ni miaka 10.

Ninaamini kwamba adui mkubwa wa mbizi ya kwanza ni haraka kuliko bahari yenyewe. Mgeni ana siku chache, boti ina saa yake ya kuondoka, wenzake wamekwisha kuvaa, naye anaona haya kusema kwamba sikio linamuuma au kwamba hajaelewa alichoambiwa. Kwa hiyo maelekezo yanayofuata yana lengo moja, nalo ni kukuwezesha kufanya kila hatua polepole, tangu unapopanga siku ya kuzama hadi unapopanda ndege kurudi ulikotoka.

Kupanga siku

Usiiweke mbizi hii siku ya mwisho ya likizo. Unapopumua hewa yenye shinikizo kubwa, nitrojeni iliyomo ndani yake huyeyuka katika damu na tishu za mwili, na baada ya kutoka majini huchukua saa nyingi kutoka polepole kupitia mapafu. Ndani ya ndege shinikizo la hewa ni dogo kuliko lile la ufukweni, na ukipanda mapema nitrojeni hiyo inaweza kutengeneza viputo mwilini, hali inayosababisha ugonjwa wa wazamiaji. DAN, mtandao wa usalama wa wazamiaji ulioanzishwa Marekani mwaka 1980, hushauri mtu asubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja ya kawaida kabla ya kuruka, na angalau saa 18 iwapo amezama zaidi ya mara moja. Vituo vingi huwaambia wageni wao wasubiri saa 24 kamili, na kwa mtu aliye mapumzikoni sioni sababu ya kubishana na saa hizo chache za ziada. Tahadhari hiyo inahusu pia safari ya gari inayopanda milimani na matembezi ya helikopta, mambo ambayo watu wengi huyasahau kwa kuwa hawayahesabu kuwa ni kuruka.

Siku ya kwanza nayo haifai, hasa kama umefika kwa safari ndefu iliyokunyima usingizi na kukukausha maji mwilini. Siku ya pili au ya tatu ni bora, kwa sababu utakuwa umepumzika, na upepo ukivuma vibaya au mafua yakikupata, bado utakuwa na siku nyingine ya kujaribu. Usiku wa kuamkia mbizi usinywe pombe, na asubuhi yake kula chakula chepesi na unywe maji ya kutosha. Kama boti hukutapisha, zungumza na daktari au mfamasia mapema juu ya dawa ya kichefuchefu cha safari na umweleze wazi kwamba unakwenda kuzama, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo huleta usingizi.

Fomu ya afya

Kituo chochote kinachojali kazi yake kitakupa fomu ya maswali ya afya kabla ya kukukabidhi vifaa. Huulizwa juu ya pumu, magonjwa ya moyo, shinikizo la damu, kifafa, kuzimia, kisukari, upasuaji wa masikio au kifua, pafu lililowahi kunywea, dawa unazotumia kila siku na hali ya akili kama vile hofu kali ya ghafla. Mjamzito hapaswi kuzama kwa mtungi hata kidogo. Kwa mengine mengi, jibu la ndiyo halimaanishi kwamba umekatazwa. Linamaanisha kwamba daktari anapaswa kukuchunguza kwanza na kutia saini.

Hapa ndipo haraka huwaponza wageni wengi. Mtu hufika kaunta, huona swali la pumu, hukumbuka kwamba daktari wa karibu yuko mbali na boti inaondoka baada ya nusu saa, kisha huandika hapana. Pafu lenye njia zilizobana linaweza kushindwa kutoa hewa inayotanuka wakati wa kupanda, na mkufunzi asiyejua habari hiyo hawezi kukulinda. Omba fomu hiyo kwa barua pepe wiki kadhaa kabla ya safari, uisome nyumbani, na kama kuna swali lolote unalolijibu ndiyo, nenda kwa daktari ukiwa nayo mkononi.

Mafua ni jambo dogo nchi kavu na kubwa majini. Kamasi huziba mirija inayounganisha sikio la kati na nyuma ya pua, na pia matundu ya hewa yaliyomo ndani ya mifupa ya uso. Dawa za kuzibua pua zinaweza kukusaidia kushuka, kisha nguvu yake ikaisha ukiwa chini, ukajikuta na hewa iliyonaswa ambayo haina pa kutokea wakati wa kupanda. Ukiwa na mafua, ahirisha.

Kuhusu kuogelea, huhitaji kuwa mwogeleaji wa mashindano. Lakini mtu anayeshikwa na woga maji yanapomgusa usoni atafaidi zaidi akitumia kwanza siku moja au mbili kuelea na kutazama chini kwa miwani na snorkeli, yaani mrija wa kupumulia uso ukiwa majini.

Kumchagua mkufunzi

Nenda kituoni siku moja kabla, wakati ambao watu hawana shughuli nyingi, uulize maswali na kusikiliza namna yanavyojibiwa. Uliza mkufunzi mmoja atakuwa na wanafunzi wangapi wa mara ya kwanza. Kwa maoni yangu wawili wanatosha, na mmoja ni bora zaidi, kwa sababu mkufunzi ana mikono miwili tu na hawezi kuwashika watu wanne kwa pamoja. Uliza mazoezi yatafanyikia wapi. Jibu zuri ni bwawa la kuogelea au ghuba iliyotulia ambapo unaweza kusimama kichwa kikiwa nje ya maji, nalo jibu la kutia shaka ni kwamba mtajifunza mkiwa njiani ndani ya boti. Uliza pia iwapo kuna mtungi wa oksijeni ya huduma ya kwanza, ni nani anayejua kuutumia, na chumba cha tiba ya shinikizo kilicho karibu kiko wapi. Kituo makini hujibu maswali haya bila kukunja uso, kwa kuwa wafanyakazi wake wamekwisha kujiuliza wenyewe.

Hakikisha kwamba mkufunzi anazungumza lugha unayoielewa vizuri. Mwongozo unaoeleweka nusu ni hatari kuliko unavyodhani, kwani chini ya maji hamtaweza kuulizana tena. Kama umekata bima ya safari, soma kama inagusa uzamiaji wa mtungi na hadi kina gani, maana baadhi ya bima huutaja waziwazi kuwa ni jambo zisilolilipia.

Tazama vifaa kwa macho yako mwenyewe. Mpira wa mdomoni usiwe umechanika, mabomba yasiwe na nyufa karibu na maungio, na koti la kuelea likijazwa hewa libaki limejaa. Kuna jaribio moja ambalo mtu asiye na ujuzi wowote anaweza kulifanya: mtungi ukiwa umefunguliwa, weka rejuleta mdomoni, yaani kile kifaa cha kupumulia, kisha vuta pumzi chache nzito huku ukiitazama geji, yaani saa inayoonyesha shinikizo la hewa mtungini. Mshale unapaswa kutulia palepale. Ukiwa unashuka kila unapovuta na kurudi unapoacha, vali ya mtungi haijafunguliwa sawasawa, na mkufunzi anatakiwa kuirekebisha kabla hujaingia majini. Hewa yenyewe isiwe na harufu wala ladha. Ikinukia mafuta au moshi, usiitumie, kwa sababu huenda kompresa, yaani mashine inayojaza mitungi, ilivuta hewa chafu ya injini, na sumu ambayo ni ndogo juu ya maji huongezeka makali kadiri shinikizo linavyopanda.

Unachopaswa kukielewa kabla ya kuzama

Mtungi una hewa ya kawaida iliyoshindiliwa, ambayo oksijeni ni asilimia 21 hivi na inayobaki karibu yote ni nitrojeni. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi bar 200 (bar ni kizio cha shinikizo, karibu sawa na angahewa moja) una lita 2,400 za hewa. Muda itakaochukua hewa hiyo unategemea kina na utulivu wako. Juu ya maji mwili unabeba shinikizo la angahewa moja, na kila mita 10 za maji ya bahari huongeza jingine la kiasi hichohicho, kwa hiyo katika mita 10 shinikizo ni maradufu na kila pumzi inakula hewa maradufu ya ile ya juu. Mtu anayetumia lita 20 kwa dakika akiwa juu atatumia 40 akiwa huko. Anayeanza huvuta zaidi ya hapo kwa sababu ya msisimko, na kwa kuwa lazima mbakize akiba, ambayo kwa kawaida ni bar 50, mbizi ya kwanza mara nyingi huisha kabla ya saa moja.

Kazi ya rejuleta ni kukupa hewa yenye shinikizo lilelile la maji yanayokuzunguka, tena pale tu unapovuta. Wafaransa wawili, ofisa wa jeshi la maji Jacques-Yves Cousteau na mhandisi Émile Gagnan, ndio waliounda mwaka 1943 chombo cha namna hiyo kilichoufungua uzamiaji kwa watu wa kawaida, na Gagnan aliianzia kazi hiyo kwenye vali aliyoitengeneza kwa ajili ya magari yaliyoendeshwa kwa gesi wakati wa vita. Kwa sababu ya chombo hicho, kifua chako hakihangaiki na uzito wa maji. Lakini hapohapo ndipo inapotoka kanuni kuu kuliko zote za uzamiaji: usizuie pumzi kamwe. Hewa iliyojaa mapafuni katika mita 10 inataka nafasi maradufu ikifika juu. Ukiwa unapumua, ziada hutoka yenyewe. Ukiwa umefunga koo, pafu linaweza kuchanika na viputo kuingia katika damu vikaelekea ubongoni. Jambo hilo linaweza kutokea hata katika maji yasiyozidi urefu wa mtu, kwa kuwa ni katika mita za mwisho kuelekea juu ambapo hewa hutanuka kwa kasi kubwa kuliko mahali pengine popote. Anayeogelea kwa kawaida amezoea kubana pumzi kila anapozamisha kichwa, na tabia hiyo ndiyo ya kwanza unayopaswa kuiacha.

Kuvaa

Miwani ya kuzamia hufunika macho na pua pamoja. Kuipima, iweke usoni bila kufunga mkanda, vuta hewa kidogo kwa pua, kisha uachie mkono. Ikibaki imeganda usoni, inakufaa. Nywele zilizopita chini ya ukingo wake huingiza maji, na masharubu mazito pia, ingawa hayo huvumilika. Mate yaliyopakwa kwenye kioo kwa ndani na kusuuzwa huzuia ukungu. Kama unavaa miwani ya macho, uliza mapema, kwa kuwa vituo vingi vina miwani ya kuzamia yenye lenzi za nguvu mbalimbali.

Vazi la mpira linahitajika hata katika bahari yenye joto, kwa sababu maji huuondoa mwilini joto kwa kasi mara 20 au zaidi kuliko hewa. Linapaswa kukubana bila kukuzuia kuvuta pumzi nzito. Vipande vya madini ya risasi vinavyofungwa kiunoni kama uzito hulipinga vazi hilo linalotaka kuelea. Nchi kavu mzigo wote huo utakulemea, na ni halali kabisa kumwomba mkufunzi akuvalishe mtungi ukiwa tayari ndani ya maji. Mwenye mgongo mbovu aombe hivyo bila kuona aibu.

Katika maji ya kina kifupi

Kipindi hiki ndicho ninachokithamini kuliko vingine vyote, nami ningependa kila mgeni akidai kirefushwe. Piga magoti au kaa katika maji yanayokufikia kifuani, weka rejuleta mdomoni, uma mpira wake taratibu kwa meno bila kuutafuna, kisha tia uso majini na kupumua tu. Usifanye jambo jingine lolote. Pumzi chache za mwanzo huwa fupi na zenye kelele, kwa sababu mwili haujakubali kwamba hewa ipo. Elekeza akili kwenye kutoa pumzi: iache itoke pole kwa pole hadi mwisho, usikilize viputo vikipita pembeni mwa masikio, kisha vuta bila kunyakua. Baada ya dakika mbili au tatu utasikia mwachano wa viputo ukiongezeka, na hiyo ndiyo dalili kwamba umeanza kutulia.

Zoezi la kwanza ni kuitoa rejuleta mdomoni na kuirudisha. Wakati haipo mdomoni, endelea kutoa viputo vidogo kwa midomo, ili usije ukazuia pumzi. Ukiirudisha itakuwa na maji ndani. Yasukume nje kwa kupuliza kwa nguvu mara moja, au bonyeza kitufe kilicho mbele yake huku ulimi ukikinga koo.

La pili ni kuondoa maji ndani ya miwani, nalo ndilo linalowatisha watu wengi. Mkufunzi atakuomba uinue kidogo ukingo wa miwani ili maji yaingie. Yatapanda puani kwanza, yawashe kidogo, kisha yafike machoni. Mwili utataka kuvuta hewa kwa pua. Usiufuate, pumua kwa mdomo mara mbili tatu ukiwa na maji hayohayo usoni, mpaka uone kwamba unaweza kukaa hivyo bila madhara yoyote. Halafu bana kwa vidole sehemu ya juu ya miwani, kwenye paji la uso, inua kidevu kidogo na kupuliza kwa pua pumzi ndefu isiyo ya pupa. Hewa hukaa juu, maji husukumwa chini na kutoka. Yakibaki, rudia. Ukiona zoezi hili linakushinda, omba kulirudia hata mara tano kabla ya kukubali kwenda kwenye kina, kwa sababu miwani huingiza maji mara kwa mara hata kwa wazamiaji wazoefu.

La tatu ni ishara za mikono. Kidole gumba na cha shahada vikiungana kuwa duara humaanisha kwamba kila kitu ni sawa, na huwa swali na jibu pia. Gumba likielekezwa juu humaanisha tupande, wala halimaanishi vizuri, kosa ambalo anayeanza hulifanya kila mara. Gumba chini ni kushuka. Kiganja kilichonyooshwa kikitikiswa huku na huku humaanisha kwamba kuna tatizo, na baada yake unaonyesha kwa kidole mahali penye tatizo, iwe ni sikio, miwani au kifua. Kiganja kikipitishwa mbele ya koo kama kinachokata humaanisha kwamba huna hewa.

Kushuka

Omba mshuke kwa kufuata kamba au mteremko wa mchanga, ambapo mnaweza kusimama kila mnapotaka. Kusawazisha masikio kunaanza kabla ya maumivu, tena kunaanza ukiwa bado juu ya maji. Bana pua kupitia sehemu laini ya miwani, funga mdomo kwenye rejuleta, kisha sukuma hewa kwa upole kuelekea puani mpaka usikie masikio yote mawili yakilia kidogo. Njia hiyo huitwa kwa jina la tabibu Mwitaliano Antonio Maria Valsalva, aliyefariki mwaka 1723. Wengine hufanikiwa zaidi kwa kumeza mate wakiwa wamebana pua. Rudia kila nusu mita katika mita chache za mwanzo, na ukiweza shuka miguu ikitangulia, kwa kuwa mirija ya masikio hufunguka kwa urahisi zaidi kichwa kikiwa juu.

Sikio likigoma, simama hapohapo. Mwonyeshe mkufunzi sikio, panda nusu mita au mita moja, jaribu tena kwa utulivu. Usisukume kwa nguvu, wala usijiambie kwamba maumivu yatapita mkishuka zaidi, kwa sababu yatazidi, na ngoma ya sikio inaweza kupasuka kabla hujafika mita 3. Wengine masikio yao hayakubali siku hiyo kabisa. Hapo mbizi imeisha, na mkufunzi mzuri atapanda pamoja nawe bila kinyongo.

Mkifika chini, punguza mikono. Viatu vya mapezi ndivyo vinavyokusogeza, kwa mapigo marefu yanayoanzia kwenye paja. Mikono inayopunga inakula hewa na kutibua maji. Utaona kwamba vitu vinaonekana vikubwa kwa theluthi moja hivi na karibu kuliko vilivyo, kwa kuwa mwanga hupinda unapotoka kwenye maji na kuingia kwenye hewa ya miwani. Rangi nyekundu hufifia ndani ya mita chache za mwanzo, hata samaki mwekundu akaonekana wa kahawia au kijivu mpaka amulikwe kwa tochi. Sauti husafiri majini kwa kasi inayozidi mara nne ile ya hewani, na kwa sababu hiyo utasikia injini ya boti bila kujua iko upande gani.

Usiguse chochote. Matumbawe ni wanyama hai, na aina nyingi hukua kwa milimita au sentimita chache tu kwa mwaka, hivyo pigo moja la pezi linaweza kuangusha kazi ya miaka mingi. Pia kuna viumbe wenye sumu wanaofanana kabisa na jiwe, na mkunga aliye pangoni huuma kidole kinachomsogelea. Mgeni anayetulia huona mengi zaidi. Samaki waliojificha kwa kishindo cha kufika kwenu hurudi kwenye shughuli zao baada ya dakika chache za ukimya, na kasa akiona hafuatwi huendelea kula majani palepale.

Hofu inaweza kukujia ghafla hata kama yote yalikuwa yakienda vyema. Dalili yake ni pumzi kuwa fupi na kuhisi kwamba rejuleta haitoi hewa ya kutosha. Acha kupiga mapezi, mshike mkufunzi mkono au shika kamba, mtazame machoni, na toa pumzi moja ndefu kuliko zote ulizotoa siku hiyo. Kisha nyingine. Mara nyingi hofu hulegea kwa hayo. Isipolegea, elekeza gumba juu. Una haki ya kuimaliza mbizi yako wakati wowote, kwa sababu yoyote, bila kuieleza kwa mtu, lakini mpande pamoja na kwa mwendo wa kawaida. Kukimbilia juu peke yako ndilo jambo la hatari kuliko lolote ulilolikimbia.

Kupanda na saa zinazofuata

Mwendo salama wa kupanda ni mita 9 kwa dakika au chini ya hapo, na kwa macho ya anayeanza huo ni mwendo wa kuchosha kwa upole wake. Endelea kupumua wakati wote. Hewa iliyomo kwenye koti la kuelea nayo hutanuka, kwa hiyo mwache mkufunzi aitoe kidogokidogo, wala usibonyeze kitufe chochote bila yeye kukuashiria. Wengi husimama kwenye mita 5 kwa dakika tatu, ili mwili upate kutoa sehemu ya nitrojeni. Mkifika juu, jaza koti hewa kwanza, kisha ndipo utoe rejuleta na kuanza kusimulia uliyoyaona. Bahari yenye mawimbi hummezesha maji anayefurahi mapema.

Siku hiyo kunywa maji mengi na uepuke mazoezi mazito. Damu kidogo puani huonekana mara kwa mara kwa wanaoanza na hukauka yenyewe. Sikio lililojaa kama lenye maji linaweza kutulia kwa siku moja au mbili, lakini likiuma, likitoa majimaji au usikivu ukipungua, muone daktari na usizame tena mpaka akuruhusu.

Kuna dalili nyingine zisizosubiri kesho: maumivu ya viungo yasiyo na sababu, ganzi au kuchomachoma kwa ngozi, vipele vyenye madoa, kizunguzungu, udhaifu wa mkono au mguu, kuchanganyikiwa, maumivu ya kifua, au uchovu usio wa kawaida. Zinaweza kuanza dakika chache baada ya kupanda au saa kadhaa baadaye, ukiwa umekwisha kurudi hotelini. Lala chini, piga simu kituoni waje na oksijeni, na nenda hospitali upesi. Neno la kwanza utakalomwambia daktari liwe kwamba umezama kwa mtungi, kwa kina gani, kwa dakika ngapi na saa ngapi ulitoka, maana asipojua hilo anaweza kuyatibu maumivu ya bega kama ya kubeba mzigo. Kwa ajili hiyo, kabla hujaondoka kituoni, mwombe mkufunzi akuandikie takwimu hizo na jina lake kwenye karatasi. Ukiamua baadaye kusomea cheti cha kwanza, ambacho katika mfumo wa PADI humruhusu mtu mzima kufika mita 18, mpe karatasi hiyohiyo mkufunzi wako mpya, naye atajua ni mazoezi gani umekwisha kuyagusa na aanzie wapi.